Gari Lipo, Mafuta Hayapo

Mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi wanafunzi mliojaza ukumbi huu, nawashukuru kwa kunialika.

Yeyote aliyewahi kufika kituo cha polisi mashambani nchini Kenya kuripoti wizi wa ng'ombe analijua jibu hili: konstebo wa zamu anaiandika taarifa yako kwenye kitabu cha matukio, anakupa namba, kisha anakueleza kwa upole kwamba gari lipo ila mafuta hayapo, na kama unaweza kuchangia lita chache basi mnaondoka sasa hivi. Naanzia kwenye tangi hilo tupu kwa sababu katika hesabu za serikali gari hilo halina dosari yoyote.

Tangu 2013 serikali imekuwa ikikodi magari mengi ya polisi badala ya kuyanunua, na awamu ya kwanza ilikuwa ya magari 1,200. Hoja ilikuwa ya maana: nyua za vituo zilijaa magari mabovu yaliyokosa vipuri, ilhali kwa mkataba wa kukodi matengenezo ni juu ya mwenye gari. Mafuta, hata hivyo, yanatoka kwenye fungu jingine, na fungu hilo linaweza kukauka huku malipo ya kukodi gari yakiendelea.

Nani ataliona hilo? Ibara ya 229 ya Katiba inampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, kisha Bunge miezi 3 kuijadili ripoti yake. Kasoro iliyotokea Julai, mwaka wa fedha ulipoanza, inaweza basi kujadiliwa na wabunge baada ya miezi 21, tena kila mtu akiwa amefanya kazi yake kwa wakati. Pale mkataba unapofunikwa kwa jina la usalama, mambo huwa mabaya zaidi: mojawapo ya mikataba ya Anglo Leasing, kashfa ya serikali kuzipa kampuni hewa zabuni za usalama iliyolipuka 2004, ulihusu maabara ya polisi ya uchunguzi wa kisayansi, na maabara ya aina hiyo haikuzinduliwa kwenye makao ya upelelezi, Barabara ya Kiambu, hadi mwaka 2022.

Kuhusu askari wenyewe, Ibara ya 246 imeikabidhi Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi kazi ya kuajiri, kupandisha vyeo na kuhamisha, huku Ibara ya 245 ikimpa Inspekta Jenerali amri huru juu ya kikosi. Mpaka kati ya mamlaka hayo mawili ndio uliopeleka mahakamani, mwaka 2025, mpango wa kuajiri makonstebo 10,000. Mimi naona tunagombania mlango wa kuingilia tu, hatuulizi askari akishaingia anapangiwa kazi gani. Askari anayemlinda mwanasiasa langoni huhesabiwa sawa na yule wa doria, kwa hiyo uwiano wa polisi kwa raia tunaopenda kuutaja haumwambii mwenye ng'ombe lolote.

Sheria ya 2011 iliyounda Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi inairuhusu kukagua vituo, na wakaguzi wake huingia mpaka mahabusu. Wakiwa humo, waombe pia kitabu cha safari za gari na orodha ya zamu, waviweke kando ya kitabu cha matukio, kisha watafute tarehe ile ng'ombe walipoibwa.