Msikilizaji Aliyechelewa: Kusajili Wasikilizaji wa Mzunguko wa Maisha wa Huduma za Wavuti

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wahandisi wenzangu,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Kabla sijaingia kwenye mada, naomba tukubaliane juu ya neno moja, kwa sababu leo litatumika kwa maana isiyo ya kila siku. Ninaposema "msikilizaji" simkusudii yeyote aliyeketi humu ukumbini. Nakusudia kipande cha programu ambacho hukaa kimya mpaka seva ikiarifu kwamba jambo fulani limetokea. Huduma ya wavuti iliyowekwa kwenye seva ina mzunguko wake wa maisha: hupakiwa, huwashwa, hupokea maombi ya wateja, husimamishwa, na hatimaye huondolewa. Katika kila hatua seva hupiga mbiu, na waliojiandikisha kuisikia mbiu hiyo ndio wasikilizaji ninaowazungumzia.

Hoja yangu ni moja. Kumwandika msikilizaji ni kazi nyepesi, pengine mistari ishirini tu ya lugha ya programu ya Java. Ugumu wote umo katika kujua ni lini anasajiliwa, yaani kabla au baada ya mbiu kupigwa. Hoja hii niliifikia kwa njia ya aibu, na ni vyema niwasimulie.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika timu iliyotunza huduma ya SOAP (kanuni za kubadilishana ujumbe kati ya programu) ya kupokea taarifa za malipo. Kampuni yenyewe tuiache bila jina. Wakaguzi walitaka kuwe na jedwali katika hifadhidata linaloonesha kila mlango wa huduma, yaani kila anwani ambayo mteja hupitia kuifikia huduma, ulifunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi. Mfumo tuliotumia kujenga huduma hiyo ni Apache CXF, ule uliozaliwa mwaka 2006 kwa kuunganisha miradi miwili, Celtix na XFire. Nikaandika msikilizaji, nikamsajili, nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika. Baada ya juma moja mkaguzi aliniita na kunionesha jedwali. Kila mlango ulikuwa na saa ya kufungwa, na hakuna hata mmoja uliokuwa na saa ya kufunguliwa. Tulikuwa na rejista ya vifo isiyo na vizazi.

Tulipoteza siku mbili tukilaumu hifadhidata. Kosa halikuwa huko. CXF ina kitu cha katikati kinachoitwa Bus, ambacho hushika vifaa vyote vya pamoja vya mfumo, na mojawapo ya vifaa hivyo ni ServerLifeCycleManager. Ukitaka kusikia habari za milango, unamwomba Bus akupe kifaa hicho, kisha unakikabidhi klasi yako inayotekeleza kiolesura cha ServerLifeCycleListener. Kiolesura hicho, yaani mkataba wa kile ambacho klasi inapaswa kuwa nacho, kina methodi (vitendo vinavyoweza kuitwa) mbili tu: startServer, inayoitwa mlango unapofunguliwa, na stopServer, inayoitwa unapofungwa. Ndani ya kifaa kile hakuna siri yoyote. Kina orodha ya wasikilizaji, na mlango unapofunguliwa hupita kwenye orodha kutoka mwanzo hadi mwisho na kumwita kila aliyemo kwa wakati huo. Hakitunzi yaliyopita. Aliyejiandikisha dakika moja baadaye hukubaliwa bila neno, huingizwa kwenye orodha, na hakuna anayemwambia kwamba milango yote imeshafunguliwa. Jina la Bus lenyewe lingetosha kunionya: ukifika stendi basi limeshaondoka, tiketi uliyonayo mkononi haikufikishi popote, hata kama ni halali.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwetu. Msikilizaji wangu alisajiliwa na kipande cha msimbo kilichofanya kazi baada ya Spring, mfumo unaoumba na kuunganisha sehemu za programu, kumaliza kuumba milango yote. Programu iliposimamishwa usiku, msikilizaji alikuwa kwenye orodha tayari, na kila kufungwa alikusikia vizuri.

Tiba ya kwanza ni kulazimisha utaratibu. Katika faili la usanidi la Spring unaweza kueleza kwamba mlango wa huduma unategemea kitu kinachofanya usajili, kwa kutumia sifa ya depends-on, na Spring haitauumba mlango kabla ya usajili kukamilika. Tiba hii inatosha pale ambapo milango yote iko mikononi mwako. Lakini kuna programu ambazo milango yake hufunguliwa na moduli nyingine, au na mtu mwingine asiyekujua, na hapo huwezi kumwamuru kila mmoja akungoje. Kwa hali hiyo CXF ina ServerRegistry, ambayo unaweza kuiuliza ikupe orodha ya milango iliyopo sasa hivi.

Hapa naomba umakini wenu, kwa sababu nimewaona wahandisi hodari wakiteleza mahali hapa. Mtu huona ni jambo la kawaida kusoma kwanza orodha ya milango iliyopo, kuiandika, na kisha kujisajili ili asikie ile itakayokuja. Utaratibu huo una tundu. Mlango ukifunguliwa katika ule muda mfupi baada ya kusoma orodha na kabla ya kujisajili, hautakuwa kwenye orodha uliyoisoma, wala msikilizaji wako hatausikia. Geuza utaratibu: jisajili kwanza, kisha soma orodha. Sasa mlango uliofunguliwa katikati unaweza kukufikia mara mbili, mara moja kwa mbiu na mara moja kwa orodha, na wajibu wako ni kuhakikisha kwamba kuuandika mara ya pili hakuharibu kitu, kwa mfano kwa kuupa kila mlango ufunguo wa pekee katika jedwali. Kilichojirudia hutambulika na kufutwa. Kilichokosekana hakiachi alama, na ndiyo maana mimi huchagua kosa la kurudia kuliko kosa la kukosa.

Tupande sasa ngazi moja, kutoka kwenye mfumo wa huduma hadi kwenye seva inayoubeba. Hapa msikilizaji mkuu ni ServletContextListener, aliyeingizwa katika maelezo rasmi ya Servlet, kanuni za programu za wavuti za Java, toleo la 2.3 mwaka 2001. Naye ana methodi mbili: contextInitialized wakati programu ya wavuti inapowashwa, na contextDestroyed inapozimwa. Maelezo rasmi yanatoa ahadi mbili zenye thamani kubwa. Ya kwanza ni kwamba wasikilizaji wote watakuwa wamesajiliwa kabla ya ombi la kwanza la mteja kuingia. Ya pili ni kwamba wataitwa kwa utaratibu ule ule waliotajwa katika web.xml, faili la usanidi wa programu, na wakati wa kuzima wataitwa kinyumenyume, aliyeitwa mwisho akianza.

Ahadi hiyo ya pili inagusa huduma za wavuti moja kwa moja. Ukitumia utekelezaji wa rejea wa JAX-WS, kanuni za Java za huduma za wavuti, ndani ya seva ya Tomcat, milango yako hufunguliwa na msikilizaji pia: ni klasi inayoitwa WSServletContextListener, ambayo husoma faili la sun-jaxws.xml lililomo katika folda ya WEB-INF na kuandaa kila mlango uliotajwa humo. Kwa hiyo, kama una msikilizaji wako anayefungua miunganisho ya hifadhidata ambayo huduma itaihitaji, mstari wake katika web.xml uwe juu ya mstari wa WSServletContextListener. Ukiwa juu, miunganisho itafunguliwa kabla ya milango, na kwa kuwa kuzima huenda kinyumenyume, milango itafungwa kabla ya miunganisho kukatwa. Mstari mmoja ukiwekwa mahali pake unakupa utaratibu sahihi asubuhi na usiku.

Mwaka 2009 lilikuja toleo la 3.0 la Servlet, na pamoja nalo anotesheni, yaani alama inayoandikwa ndani ya msimbo, ya @WebListener, ambayo inakuruhusu kumsajili msikilizaji bila kugusa web.xml. Vijana wameipenda, nami sina ugomvi nayo kwa programu yenye msikilizaji mmoja. Lakini anotesheni haibebi utaratibu. Ukiwa na wasikilizaji watatu wenye @WebListener, maelezo rasmi hayakuahidi nani ataitwa kwanza, na programu iliyofanya kazi kwenye kompyuta yako inaweza kuvunjika kwenye seva nyingine bila mstari mmoja wa msimbo kubadilika. Pale utaratibu unapohusika, narudi kwenye web.xml bila haya.

Toleo hilo hilo la 3.0 lilileta pia uwezo wa kusajili kwa msimbo, kwa methodi ya addListener, na namna ilivyowekewa mipaka inanifurahisha. Ukijaribu kumwongeza msikilizaji baada ya programu kumaliza kuwashwa, seva inakukatalia na kutupa kosa. Na kama unayemwongeza ni ServletContextListener mwenyewe, nafasi ni finyu zaidi, kwani hukubaliwa tu kutoka kwa ServletContainerInitializer, anayefanya kazi kabla ya wasikilizaji wote. Linganisheni na CXF. Huko aliyechelewa alikaribishwa kwa ukarimu na kuachwa akae bure. Huku anarudishwa getini kwa sauti. Wengi huuona ukali huu kuwa usumbufu. Mimi naona kwamba ule ukarimu ndio ulionigharimu siku mbili.

Nigusie kwa haraka Axis2, mfumo mwingine wa huduma za wavuti, kwa kuwa bado ipo katika taasisi nyingi. Kule msikilizaji hutekeleza kiolesura cha ServiceLifeCycle, chenye startUp na shutDown, na husajiliwa kwa sifa ya class katika kiini cha service ndani ya services.xml. Klasi inayofanya kazi yenyewe ya huduma hutajwa kwingine, katika kigezo cha ServiceClass. Watu huchanganya hivi viwili, kisha hushangaa. Tena startUp huitwa huduma inapopakiwa na seva, haingoji ombi la kwanza la mteja.

Kuna ukimya mwingine ambao hauna budi kutajwa, kwa sababu bado unawapata watu. Mnamo Desemba 2020 lilitoka toleo la Jakarta EE 9, mkusanyiko wa kanuni za Java kwa seva, ambalo lilibadilisha mwanzo wa majina ya vifurushi kutoka javax kuwa jakarta, na Tomcat 10 ikafuata. Chukueni programu ya zamani yenye msikilizaji wa javax, muiweke kwenye Tomcat 10. Ikiwa msikilizaji ametajwa katika web.xml, seva itajaribu kumpakia, itakosa kiolesura anachokitegemea, na programu itakataa kuwaka, na logi, yaani daftari la matukio ya seva, itasema sababu. Ikiwa amesajiliwa kwa @WebListener, seva itaitazama anotesheni hiyo kama alama ya kigeni na kupita. Programu itawaka, msikilizaji hataitwa kamwe, na logi haitasema lolote.

Sasa kuzima, ambako wengi wetu hatupapendi. Methodi ya contextDestroyed ndiyo mahali pa kusimamisha nyuzi (kazi zinazoendeshwa sambamba) ulizozianzisha na kufunga ulivyovifungua. Usipofanya hivyo, Tomcat yenyewe huandika onyo kwenye logi, ikitaja jina la uzi ulioachwa na kueleza kwamba huenda kumbukumbu ikavuja. Kujisajili nako kuna deni lake: kama Bus inatumiwa na programu zaidi ya moja, na programu yako ikaondolewa bila kuita unRegisterListener, orodha itaendelea kumshika msikilizaji wako, msikilizaji ataishika klasi yake, klasi itamshika kipakiaji kilichoileta, na programu nzima itabaki kwenye kumbukumbu ilhali imeshaondolewa. Rudia kuiweka na kuiondoa mara kadhaa, na seva itaishiwa nafasi ya Metaspace, sehemu ya kumbukumbu inayotunza taarifa za klasi, ile iliyochukua mahali pa PermGen katika Java 8 mwaka 2014.

Na kuna kufa ambako hakuna mbiu kabisa. Seva ikiuliwa kwa amri ya kill -9, mfumo wa uendeshaji hauipi nafasi ya kusema lolote, na hakuna msikilizaji atakayeitwa. Katika kontena, yaani kifungashio cha kuendeshea programu, hali ni hiyo hiyo ikiwa imevaa adabu. Docker na Kubernetes ni vyombo vya kuendesha kontena: Docker, usipoibadilisha, huomba programu isimame na kungoja sekunde 10 kabla ya kuiua, na Kubernetes hungoja sekunde 30. Kama contextDestroyed yako inangoja maombi yaliyobaki yamalizike na ikahitaji dakika moja, itakatwa katikati. Kwa hiyo tulipokuwa tukilirekebisha lile jedwali la wakaguzi hatukutegemea saa ya kufungwa peke yake. Programu ikiwaka, msikilizaji hutafuta kwanza mistari iliyofunguliwa na seva hiyo hiyo bila kufungwa, na kuitia alama kwamba ilikatika ghafla.

Ile mistari ya juma la kwanza, yenye vifo bila vizazi, mkaguzi alikataa tuifute. Tuliongeza safu ya maelezo, na mbele ya kila mstari tukaandika kwamba msikilizaji alisajiliwa baada ya mlango kufunguliwa. Mpaka naondoka kazini hapo ilikuwa bado ipo.

Naomba niishie hapo, Mheshimiwa Mwenyekiti, ili tupate muda wa maswali.