Rula, Kipimajoto na Kadi: Chanjo ya VVU Inavyopimwa Usalama

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuja na jua hili la Malindi. Nianze kwa kuwatoa wasiwasi: sikuja kuandikisha mtu, na hakuna sindano mkobani. Nimekuja kueleza kinachofanyika katika awamu ya kwanza ya majaribio ya chanjo ya VVU, maana yanayosemwa barazani ni mengi na baadhi yametiwa chumvi.

Jambo ambalo watu hulikosea zaidi ni hili: awamu ya kwanza haiulizi kama chanjo inazuia Ukimwi. Inauliza kama inadhuru, na kwa dozi gani. Ndiyo maana huchukuliwa watu wachache, kwa kawaida kati ya 20 na 100, wazima wa afya, wa miaka 18 hadi 50 hivi, ambao hawako katika hatari kubwa ya kuambukizwa. Anayetoka pale akasema ameshakingwa na hana tena haja ya kondomu, ameelewa kinyume. Hakuna chanjo ya VVU iliyokwisha kuidhinishwa popote duniani, na huenda yeye mwenyewe alidungwa maji ya chumvi tu, yasiyo na chanjo, yanayotumika kulinganisha.

Na kabla hamjaniuliza: chanjo hizi haziwezi kumpa mtu VVU, kwa sababu ndani yake hakuna kirusi kizima. Mna kipande cha protini ya ganda lake, au maelekezo ya kutengeneza kipande hicho yaliyobebwa na DNA, na mRNA, au na kirusi kingine kilichodhoofishwa. Usukani peke yake haukufikishi Lamu.

Kazi huanza na ridhaa. Mtu huelezwa kwa lugha anayoielewa, hupewa nakala ya fomu aende nayo nyumbani akashauriane na watu wake, na akirudi huulizwa maswali kuona kama kweli ameelewa. Wengi hukwama kwenye suala la kura. Hudhani daktari ndiye anayeamua nani apate chanjo na nani maji ya chumvi. Sivyo, kompyuta ndiyo inayopiga kura, na anayejua matokeo ni mfamasia. Kwa kuwa baadhi ya chanjo zina weupe kama wa maziwa, bomba la sindano huviringishwa karatasi ya gundi ili hata nesi anayedunga asitambue.

Halafu vipimo: VVU, homa ya ini B na C, kaswende, ujauzito, mkojo, wingi wa damu, ini na figo. Hapa watu wazima kabisa huanguka kwa sababu zisizo za ugonjwa. Aliyeshinda jana akivuta mashua pwani au kubeba mawe ya ujenzi, vimeng'enya vya ini huweza kupanda, kwa kuwa baadhi yake hutoka pia kwenye misuli iliyochoka. Aliyekuja na kiu, kipimo cha figo hupanda. Aliyetafuna muguka usiku kucha, mapigo ya moyo na presha huwa juu. Dawa yake ni kupumzika, kunywa maji, na kurudi kupimwa tena. Kuna na hili la chembe nyeupe za damu: Waafrika wengi wenye afya njema wana chembe chache za aina ya nutrofili kuliko viwango vilivyowekwa kwa kupima watu wa Marekani na Ulaya. Ukitumia viwango vya huko, unawakataa watu wazima hapa. Kituo makini hutumia viwango vilivyopatikana kwa kupima watu wa Afrika Mashariki.

Siku ya sindano yenyewe ni fupi. Nusu mililita, au zaidi kidogo kutegemea chanjo, msuli wa bega, kisha mtu hukaa kituoni nusu saa hadi saa nzima, sindano ya adrenalini ikiwa karibu, kwa kuwa mzio mkali hujitokeza mapema. Kundi la kwanza hupewa dozi ndogo. Hudungwa mmoja au wawili, wakasubiriwa, ndipo wengine wakafuata. Na dozi haipandishwi mpaka wasimamizi wa usalama wapitie kumbukumbu za waliotangulia. Masharti ya kusimamisha huandikwa kabla ya mtu wa kwanza kudungwa, ili asije mtu akayalegeza baadaye kwa kuipenda kazi yake. Tukio zito, kama la kulazwa hospitali, huripotiwa ndani ya saa 24 tangu kituo kijue.

Sasa niwaombe masikio. Sehemu kubwa ya ushahidi wa awamu hii hauandikwi na daktari. Huandikwa nyumbani, siku saba mfululizo, na aliyedungwa, kwa vitu vitatu: rula, kipimajoto na kadi ya kuandikia dalili. Jotoridi la nyuzi 38.0 huhesabiwa daraja la kwanza la ukali, yaani hafifu, kuanzia 38.6 ni la pili, 39.3 la tatu. 40 na kuendelea ni la nne. Uvimbe hupimwa kwa upana: sentimita 2.5 ni daraja la kwanza, 5 la pili, 10 la tatu. Mwajionea jinsi kosa dogo linavyohamisha mtu daraja. Aliyekunywa chai ya moto kisha akaweka kipimajoto mdomoni atajipa homa asiyo nayo. Asubiri kama nusu saa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa kwa kidole mpaka ulipoishia ugumu, kisha pima. Usipime uvimbe kwa macho, maana kila mtu ana sentimita zake.

Makosa mawili ndiyo hutuharibia kazi zaidi. La kwanza ni kumeza Panadol mapema "kwa tahadhari". Homa inazimwa, kadi inaonyesha sufuri, na chanjo inaonekana pole kuliko ilivyo. Ukiumwa, meza, lakini andika umemeza nini na saa ngapi. La pili ni kujaza kadi yote siku ya saba ukiwa kwenye matatu unakwenda kituoni. Kadi ya namna hiyo hujulikana: wino mmoja, mwandiko mmoja, 36.5 kila siku.

Na homa ya siku ya tatu hapa kwetu huenda ikawa malaria. Njoo upimwe. Hata ikithibitika ni malaria huandikwa vilevile, kisha ndipo daktari huamua kama inahusiana na chanjo au la. Usiamue mwenyewe kwa kunyamaza. Mwezi wa Ramadhani semeni mapema. Miadi huwa na siku kadhaa za kusogezwa, na kutoa damu nyingi ukiwa umefunga na joto hili ni kujitafutia kuzimia.

Damu yenyewe ina haraka. Seli za kinga hutakiwa kutenganishwa na kugandishwa ndani ya saa chache, kwa kawaida zisizozidi nane. Kutoka Malindi hadi maabara ya utafiti Kilifi ni mwendo wa saa moja hivi. Kutoka Lamu kuna boti hadi Mokowe kwanza, halafu barabara, na mchana umekwisha.

Je, wote wakiwa salama, chanjo ni salama? Fanyeni hesabu: watu 50 wakidungwa asipatikane hata mmoja mwenye dhara fulani, bado dhara hilo laweza kuwapata hadi 6 katika kila 100. Gawanya 3 kwa idadi ya waliodungwa, utapata kikomo hicho. Chanjo iliyosimamishwa mwaka 2007, iliyobebwa na kirusi cha mafua aina ya Ad5, ilipita awamu ya kwanza vizuri. Ilipofika kwa maelfu ndipo ikaonekana baadhi ya waliochanjwa wanaambukizwa zaidi, hasa wanaume wasiotahiriwa waliokuwa na kinga ya zamani dhidi ya kirusi hicho. Kwa upande mwingine, jaribio la chanjo za mRNA kwa watu 108 nchini Marekani lilikuta 7 kati yao wakipata mabaka ya kuwasha mwilini. Wengine waliingia hofu waliposikia. Mimi naona awamu ya kwanza ilifanya iliyoundiwa.

La mwisho halimo kwenye kadi, na ndilo ningetaka mzazi amwulizie mwanawe kabla hajatia sahihi. Chanjo ikifanya kazi, mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya vipande vya VVU, na kipimo cha haraka hutafuta kingamwili hizohizo. Mtu asiye na kirusi huweza kusoma "ana VVU", pengine kwa miaka. Binti anayekwenda kazini Saudia au Qatar hupimwa. Akisoma hivyo, safari imevunjika. Mja mzito hupimwa kliniki na kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Kwa hiyo aliyechanjwa hachangii damu, hupimwa VVU kwenye kituo cha utafiti kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, na hutembea na kitambulisho chenye nambari ya simu ya kituo. Ulizeni huduma hiyo itadumu miaka mingapi baada ya jaribio kufungwa, na jibu liandikwe kwenye fomu.