Doa Jeupe, Doa Jeusi: Wekeni Stilwaya Chini

(Mazungumzo ya fundi seremala na kikundi cha akina mama, Kisasa, Dodoma)

Mama zangu, shikamooni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini tu kwa sababu marejesho hayajahesabiwa. Basi naanza na stilwaya, na walionisikia mwaka jana wanivumilie.

Niliwahi kutengeneza meza ya mninga ya watu sita, ikaenda Ipagala. Haikumaliza miezi minne nikapigiwa simu: "Fundi, mbao yako inaoza, ina vidoa vyeusi." Mninga uoze hapa Dodoma, ambako Juni mpaka Oktoba mvua tunaisikia kwenye redio? Nikapanda bodaboda. Kweli, meza ina vitone vyeusi kama imemwagiwa pilipili manga, vingine virefu kama unywele. Nikauliza kwa upole, binti wa pale akasema ukweli: kulikuwa na alama nyeupe ya kikombe, akaisugua kwa stilwaya na sabuni ya unga. Alama ikatoka, na vanishi yangu ikatoka nayo. Nyuzi za chuma zikakatika, zikabaki kwenye vitundu vya mbao, na meza ikawa inafutwa kwa tambara la maji kila siku.

Tazameni glasi hizi mbili. Zote ni chai ya rangi, birika moja. Hii ya kulia nilitumbukiza msumari wenye kutu jana usiku. Pitisheni, msinywe. Si imekuwa wino? Chai ina tanini, kile kitu kinacholeta ukakasi mdomoni, na mbao nayo ina tanini. Tanini ikikutana na chuma penye maji, inatoa weusi huo. Ile meza haikuoza, ilitengenezewa wino ndani kwa ndani.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mbona bibi yangu alisugua meza kwa stilwaya maisha yake yote? Ndiyo mama, na meza ya bibi ilikuwa ya jikoni, nyeusi yote kwa moshi. Doa ungelionea wapi?

Sasa shikeni hili, mengine mkitaka sahauni. Doa jeupe la kikombe au sufuria ya moto kwa kawaida halijafika kwenye mbao. Limo kwenye vanishi: unyevu umenaswa mle, mwanga ukipita unatawanyika, wewe unaona ukungu. Kinachotakiwa ni kuutoa unyevu, si kuichimba mbao. Kwa hiyo kwanza, usifanye kitu. Kaa siku mbili. Hewa yetu hii inayopasua midomo huliondoa yenyewe mara nyingi.

Likigoma, chukua kipande cha kanga kuukuu ya pamba, kunja mara mbili, lalisha juu ya doa. Pasi iwe moto wa chini kabisa, bila maji ndani. Pitisha sekunde tano, inua kitambaa, tazama. Rudia. Kuinua na kutazama ndiyo kazi yenyewe. Ukiiacha pasi ukapokea simu, umeunguza vanishi na hapo hakuna ujanja. Pasi ya mkaa? Hapana mama, ile huwezi kuiambia moto wa chini. Kikibaki kivuli, paka mafuta ya mgando usiku, asubuhi futa.

Ila kabla ya pasi, pitisha ukucha. Ukihisi linakwaruza kama unga, hiyo ni chumvi ya maji ya kisima, hasa chini ya vyungu vya maua. Siki kidogo kwenye kitambaa, futa, kausha, umemaliza.

Doa jeusi ni habari nyingine, limeshaingia kwenye mbao. Vanishi ya pale itolewe kwanza, ndipo upake maji ya ndimu. Kwa lililokomaa tunatumia asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu: glavu, na watoto wakae mbali. Suuza, ikauke kabisa, vanishi upya. Na jiki msiipeleke hapo. Weusi wa chuma haiutoi, na ukiichanganya na ndimu au siki inatoa gesi ya klorini, utakohoa mpaka hospitali.

Meza za kubandika, zile zilizogundishiwa ngozi nyembamba ya mbao juu, msizipige msasa, ngozi hiyo kwa kawaida haifiki hata milimita 1. Mafuta ya alizeti ni ya kukaangia. Mezani yananata, na vumbi letu mnalijua. Nilitaka kusema na habari ya nta ya nyuki, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Haya, mwenye pasi aichomeke. Tunaanza na meza hii hii ya mwenyekiti. Alama ya kikombe niliiona tangu naingia, nikanyamaza tu.