Kiuno Kinauma, Pedi Tunabandika Mguuni

Karibuni ndugu zangu, leo niko Chikongola hapa Mtwara, sebuleni kwa mama mkwe wangu. Mama, shikamoo. "Marahaba mwanangu." Mama kaokota korosho tangu usichana, na kiuno kinamsumbua mwaka wa sita huu. Daktari ameshamwona.

Mashine hii inaitwa TENS, inapitisha umeme mdogo kwenye ngozi ili kupunguza maumivu. Pedi, yaani vibandiko vyake vinavyopitisha umeme, tutaziweka chini ya goti. Kiunoni hatugusi.

Kabla ya yote: una kifaa cha umeme moyoni, una mimba, au una kifafa? Ongea na daktari kwanza. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuwa wa moto, nenda hospitali, huenda damu imeganda mshipani. Na kama mguu una ganzi, labda kwa sababu ya kisukari, usibandike hapo, maana hutajua umeme umezidi.

Betri weka, waya chomeka. Twende.

Sasa hapa taratibu. Ngozi! Joto letu hili na mafuta ya nazi, pedi haishiki. Mwaka juzi nilimbandikia mama bila kumfuta mafuta. Pedi ikainuka, umeme wote ukapita kwenye kipande kidogo kilichobaki, ukamchoma kama mwiba. Miezi miwili hakutaka kuiona mashine, na nilimwelewa. Kwa hiyo osha kwa sabuni, suuza, kausha, kaa kwenye feni mpaka jasho likatike. Vinyweleo vikiwa vingi punguza kwa mkasi, wembe unakwaruza.

Pima vidole vinne chini ya goti, kwenye shavu la mguu. Pedi moja upande wa nje, nyingine upande wa ndani, zisigusane. Bonyeza katikati kwanza, halafu kingo zote. Kingo zote, nasema!

Weka herzi 100, yaani mapigo 100 ya umeme kwa sekunde, upana wa pigo, yaani urefu wa kila pigo, maikrosekunde 200, muda dakika 60. Nguvu anza sifuri, panda kidogo kidogo. Mama, unasikiaje? "Kama siafu wanatembea." Wanauma? "Hapana." Hapo hapo. Isikike sana, isiume.

Ngoja, mmeona pembe ile ya pedi? Imeinuka. Usiibonyeze pembe hiyo wakati mashine inawaka! Zima kwanza. Zima, futa jasho, bandika upya, anza tena sifuri. Usirudi moja kwa moja pale ulipokuwa.

Mnaniuliza mguu na kiuno vinahusianaje. Neva za mguuni zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na kupanda mpaka kwenye ubongo. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu, Melzack na Wall, walieleza kwamba uti wa mgongo una kama lango linaloweza kuzuia maumivu. Ubongo nao unateremsha amri ya kuyapunguza, na mwili unatoa dawa zake wenyewe za jamii ya mofini, ile dawa kali ya maumivu. Amri hiyo haiishii mguuni, ndiyo maana kiuno nacho kinaweza kupata nafuu. Haiponyi kiuno, na wengine haiwasaidii kabisa. Mimi napenda mama aitumie asubuhi, ndipo apate kufagia uwanja na kutembea, maana kiuno kinataka kutembezwa.

Dakika zimeisha. Zima, halafu bandua kwa kushika ukingo wa pedi, usivute waya. Mama? "Kimelegea. Niletee ufagio."

Pedi zirudishe kwenye plastiki yake. Zikikauka, tone moja la maji linatosha. Zisiposhika tena, tupa, dukani kwangu zipo. Kila mtu na zake, msiazimane.