Matone baada ya kutolewa mtoto wa jicho

Assalamu alaykum, wazee wangu na mama zangu wa Majengo. Upasuaji wenyewe sitauzungumzia leo. Wengi wenu mmeshapasuliwa na mnaona, alhamdulillahi. Nataka tukizungumzie kile kichupa unachopewa ukienda nyumbani.

Kwa kawaida hupewa antibayotiki na steroidi, ambayo ni dawa ya kutuliza uvimbe, na pengine matone mengine ya kutuliza uvimbe na maumivu yasiyo steroidi, kama diklofenaki au ketorolaki. Haya ya mwisho ndiyo yaliyonileta. Ni dawa nzuri, nami nawaandikia wagonjwa. Lakini yako macho ambayo konea yake, kile kioo cha mbele, haiyahimili.

Konea ni nyembamba, kama nusu milimita pale katikati. Haina mishipa ya damu. Hulishwa na machozi kwa nje na maji ya jicho kwa ndani. Ikichubuka, matone haya yaweza kuchelewesha kupona, tena hupunguza hisia: kidonda kipo, mwenyewe hasikii uchungu wa kumtosha kurudi hospitali. Huku nyuma vimeng'enya, kemikali za mwili zenye kumeng'enya, vinaila konea, inakonda, inayeyuka, mwisho yaweza kutoboka. Mwaka 1999 huko Marekani, baada ya ripoti za konea kuyeyuka, aina moja ya matone ya diklofenaki iliondolewa sokoni.

Ni nadra, msiogope kutibiwa. Ila mwenye kisukari, macho makavu au baridi yabisi ya viungo, na aliyepasuliwa jicho hilo hilo zaidi ya mara moja, amwambie daktari mapema.

Linalonisumbua hasa ni hili. Mama anafungua pindo la leso, anatoa kichupa kitupu, ncha imegandamana tongo za kope. Kumbe muda alioambiwa kuitumia dawa ulikwisha zamani. Kila kikiisha hukipeleka dukani Kongowea akauziwa kingine, kwa kuwa "kinanipoza". Mama yangu, hapo ndipo jicho linapoharibika. Na matone ya ganzi yasitoke hospitali kabisa. Hayo huiua konea upesi zaidi.

Jicho likiwa jekundu, likichoma, likikimbia mwanga, au uoni ukififia baada ya kuwa mzuri, rudi siku hiyo hiyo. Usiache steroidi kwa shauri lako, wala usiongeze. Njoo na vichupa vyote, hata kile alichokupa jirani.