Kupima ufanisi wa gharama za benki: uwiano, DEA na SFA

Tunapima benki za Tanzania kwa njia tatu. Fungua lahajedwali, uingize taarifa za fedha zinazotangazwa kila robo mwaka: mikopo, hati fungani, amana, gharama za riba, mishahara, gharama nyingine, mali za kudumu, idadi ya wafanyakazi. Chukua za Desemba, safu ya jumla ya mwaka. Ukichanganya na safu ya robo, hesabu zote zitaharibika.

Anza na uwiano: gharama za uendeshaji gawa kwa mapato. Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 55. Ila tazama hapa: gharama bilioni 60, mapato bilioni 100, jibu asilimia 60. Benki ipandishe riba mapato yafike bilioni 120, uwiano unashuka hadi 50, na hakuna hata shilingi iliyookolewa.

DEA, njia inayolinganisha kila benki na zile bora kabisa kwenye data, inahitaji bei za pembejeo tatu: wafanyakazi, fedha na mtaji. Mishahara gawa kwa wafanyakazi. Gharama za riba gawa kwa amana na mikopo iliyokopwa. Gharama nyingine gawa kwa mali za kudumu. Mazao ni mikopo na hati fungani. Kwenye R, programu ya takwimu, pakiti ya Benchmarking, andika cost.opt na RTS="vrs", ili benki ndogo isipimwe kwa kimo cha benki kubwa kama CRDB. Kisha gawa gharama ya chini kabisa kwa gharama halisi. Pembejeo tatu na mazao mawili yanataka benki 15 au zaidi. Zikipungua, karibu kila moja itapata 1, yaani ufanisi kamili.

SFA, njia ya kukadiria mstari wa gharama ya chini kwa takwimu, hutenganisha uzembe na bahati mbaya, jambo ambalo DEA haiwezi. Kabla ya kuchukua logi, gawa gharama na bei mbili kwa bei ya tatu. Translogi, yaani mlinganyo wa gharama wenye logi, miraba yake na mazidisho yake, hapo ina vigezo 15, kwa hiyo mwaka mmoja hautoshi. Panga miaka kadhaa. Kwenye amri ya sfa ya pakiti ya frontier weka ineffDecrease = FALSE, la sivyo programu itadhani unapima uzalishaji. Mkia wa masalio (gharama halisi toa makadirio ya modeli) ukielekea kushoto, simama: modeli yako ina kasoro.

Sasa linganisha nafasi, si alama, kwa kipimo cha Spearman, kinachoonyesha kama mipangilio miwili inafanana. Benki ikiwa ya mwisho huku na ya kwanza kule, kagua mali za kudumu. Inayokodi majengo ya matawi huonekana kulipa bei kubwa mno ya mtaji. Halafu IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa ukodishaji iliyoanza 2019, iliingiza sehemu kubwa ya pango kwenye mali. Kwa data inayovuka mwaka huo, ongeza safu ya 0 (kabla ya 2019) na 1 (kuanzia 2019).