Moshi Si Ugonjwa: Mazungumzo na Wanaoanza Malori ya Nitro

Asanteni. Waliosimama mlangoni waingie, viti vipo. Nimepewa saa moja nizungumzie kurekebisha na kutunza lori dogo la kuchezea la rimoti linalotumia mafuta ya nitro, na mwenyekiti ameniandikia orodha ya mambo manane. Wanaonijua wameshaanza kutabasamu, wanajua nitakwama kwenye la kwanza. Nitakwama kweli, maana hilo la kwanza, kurekebisha mafuta, ndilo linaloua injini nyingi kabla hazijatimiza mwaka.

Rimoti, betri na magurudumu mmeyasoma kwenye kitabu kilichokuja na boksi. Kama hukukisoma, kisome leo usiku. Tuje kwenye injini.

T-Maxx, lori la Traxxas la Marekani lililotoka mwaka 1999 na kuwaingiza watu wengi kwenye mchezo huu, lilianza na injini ya cc 2.5. Siku hizi wengi wenu mna cc 3.3 au zaidi kidogo. Pistoni yake ni nyembamba kuliko kidole gumba changu, lakini injini za aina hii zinaweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Pikipiki ya bodaboda ikifika 9,000 mwenyewe anaogopa. Sasa niambieni, oili ya injini hii inakaa wapi? Fungua utafute. Hakuna sampu, hakuna pampu ya oili, hakuna kijiti cha kupimia. Redieta nayo hakuna. Oili yote imo ndani ya chupa ya mafuta: methanoli ndiyo nyingi, nitromethani mara nyingi asilimia 10 hadi 30, halafu oili, kama asilimia 10 hivi, chupa nyingine zaidi. Ule moshi unaokukera ni oili iliyomaliza kazi yake, inatoka.

Kwa hiyo mafuta haya yanawaka, yanalainisha, na yanapoza, kwa sababu methanoli ikigeuka mvuke inabeba joto. Ukiyapunguza, umepunguza yote matatu kwa mkupuo mmoja. Kabureta haijui kupunguza methanoli ikaacha oili.

Yanapunguzwa kwa sindano, zile skrubu za kabureta. Ukizungusha kuelekea mwendo wa saa, umekaza, mafuta yamepungua. Ukirudisha nyuma, umelegeza, yameongezeka. Sindano ya mbio inatawala lori likiwa kasi, sindano ya chini inatawala kuondoka na kusimama, na ile skrubu ya tatu inazuia tu mlango wa hewa usifunge wote. Kuna mtu hapa anaigusa ya tatu kila lori linapozima. Aache.

Sasa kisa. Desemba moja kijana wa huku kwenu Nairobi aliniletea lori lake Mombasa. Limetunzwa, linang'aa, na kwa Nairobi lilikuwa limerekebishwa sawasawa, sina shaka. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko ya pwani. Hewa ikiwa pungufu, mafuta nayo yanapunguzwa ili uwiano ukae. Fundi wa Nairobi anakaza sindano kidogo, na hana kosa. Lakini teremka na sindano ileile mpaka usawa wa bahari. Hewa imejaa, mafuta ni yaleyale ya Nairobi. Umekuwa na njaa ya mafuta bila kugusa kitu chochote.

Likawaka mara moja, likaondoka kwa kishindo. Moshi hauonekani kabisa. Akafurahi: "Mzee, hewa ya huku inalifaa." Nikamwambia alegeze. Akacheka. Baada ya dakika chache likaanza kusita: anavuta mafuta, linakata. Analisimamisha, injini inaendelea kulia juu, haitaki kushuka. Hizo ni dalili mbili za mafuta machache, kila fundi anazijua. Yeye akasema mafuta yamezidi, lori linasongwa. Akatoa bisibisi, akakaza! Nikamwambia tena legeza. Akanionyesha video kwenye simu, kuna Mzungu anakaza. Yule Mzungu alikuwa anarekebisha lori lake, kwenye hali ya hewa yake, na alianzia kwenye mafuta mengi mno. Nani atashindana na video? Tanki lililofuata halikuisha. Injini ililia sauti nyembamba, ikakata.

Tulipofungua, plagi waya wake umepauka na kupinda, pistoni imekwaruzwa upande wa moshi. Injini hizi nyingi hazina ringi. Ni pistoni ya aluminiamu ndani ya silinda ya shaba nyeupe iliyopakwa kromi, na silinda hiyo imebanwa kidogo juu. Ndiyo maana ikiwa mpya na baridi unaivuta kamba inagoma pistoni ikifika juu. Hiyo siyo hitilafu, ndiyo kompresheni yako. Ya yule kijana ilikuwa inazunguka laini kabisa. Alidhani ni habari njema.

Najua mtaniambia: "Lakini likikazwa linakimbia zaidi." Ndiyo. Huwa linakimbia kuliko siku zote muda mfupi kabla ya kunoki. Mwingine atasema mafuta ni ghali na yanaagizwa kutoka mbali, hayaruhusiwi hata kwenye begi la abiria wa ndege, kwa hiyo anabana matumizi. Piga hesabu ya pistoni na silinda mpya, kisha urudi tuzungumze ubanaji. Na kuna yule wa petroli. Kila mara yupo. Petroli usiweke. Waya wa plagi hii una platinamu, na methanoli ikigusa platinamu ndipo waya unabaki mwekundu hata baada ya kuondoa kile kiwashio cha volti 1.5 kinachoupasha moto mwanzoni. Petroli haifanyi hivyo.

Wa mwisho ni mwenye kipimajoto. Anapima kichwa cha injini, anakuta nyuzijoto 110, anaona kuna nafasi mpaka 130, anakaza aifikie. Joto si shabaha, jamani! Ni tahadhari. Ikifika 130 simama, ulegeze. Ikiwa 105 na lori linavuta vizuri na moshi unaonekana, funga mkoba wa vifaa ucheze. Usiye na kipimajoto dondosha tone la maji pale juu karibu na plagi: likichemka polepole sekunde tatu mpaka tano, sawa, likiruka na kupotea papo hapo, injini inaungua.

Utaratibu wenyewe ni mfupi, ndiyo maana watu hawauamini. Kwanza washa, endesha mpaka injini ipate moto, usirekebishe ya baridi. Anza na sindano ya mbio. Legeza mpaka moshi uwe mwingi na lori liwe zito, likohoe kidogo kwa kasi. Hapo ndipo kaza kidogo kidogo, sehemu ya nane ya mzunguko, au ya kumi na sita, endesha barabara nzima, sikiliza. Likikimbia safi na mstari wa moshi ukaonekana nyuma, umefika. Usitafute cha ziada. Halafu ya chini: injini ikiunguruma lori limesimama, bana kile kimpira cha mafuta karibu na kabureta. Injini iendelee kama sekunde mbili au tatu, ipandishe sauti kidogo, izime. Ikizima papo hapo, mafuta machache. Ikiendelea sana, mengi. Skrubu ya tatu mwisho kabisa.

Na kabla ya sindano yoyote, angalia hewa inayoingia pasipostahili. Kimpira kilichopasuka, kifuniko cha tanki kisichobana, ule mpira wa kutoka sailensa kwenda kwenye tanki umechomoka. Sindano zako zikibadilika tabia kila siku wakati hukuzigusa, hewa inavuja. Zamisha tanki kwenye ndoo, puliza, tazama mapovu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimefika jambo la pili kati ya manane. Haya, mbio.

Injini mpya: matanki ya kwanza mafuta yawe mengi, usivute mpaka mwisho, iache ipoe kati ya tanki na tanki, pistoni ikiwa chini. Kitabu cha Traxxas kinasema matanki matano. Fanya matano, usifanye mawili kwa sababu rafiki yako anasubiri.

Chujio la hewa. Hili nilitaka nilipe robo saa. Vumbi letu jekundu ni msasa. Sponji ioshwe, ikauke, ipakwe oili ya chujio mpaka rangi ienee, kila siku ya mchezo kwenye vumbi. Sponji kavu haizuii kitu.

Mwisho wa siku usiache mafuta ndani. Methanoli inavuta unyevu, beringi zinapata kutu, na kwetu pwani zinaipata haraka. Mwaga tanki, washa injini imalize yaliyobaki, dondosha oili ya kuhifadhia kwenye kabureta na tundu la plagi, zungusha mara kadhaa, kisha shusha pistoni chini. Ukiiacha juu, itapoa ikibanwa palepale, kesho utakata kamba.

Kamba ikigoma katikati ya mchezo usiivute kwa hasira, mafuta yamejaa ndani. Toa plagi, pindua lori, zungusha yatoke. Weka macho mbali na tundu.

Klachi, gia, gundi ya skrubu: mtauliza nje.

Mawili siyaachi. Methanoli ni sumu, na moto wake mchana hauonekani. Mwaka 2014 hapa Kenya watu wengi walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Chupa ifungwe, iandikwe, iwekwe mbali na watoto, na isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda.

La pili, lori hili linakimbia kilomita 60 kwa saa au zaidi, na lina uzito wa kuvunja mguu wa mtoto. Kabla ya kuwasha injini, washa rimoti na umeme wa lori, inua magurudumu, zima rimoti. Sevo, ile mota ndogo inayovuta mafuta na breki, inapaswa kufunga mafuta na kushika breki yenyewe. Isipofanya hivyo, lori lako leo halitoki kwenye meza hii. Nitaanza kukagua na wewe mwenye la kijani.